Neno limeona ngozi, halikuona macho

Turudi kwanza katika darasa moja hapa Butembo, miaka mingi kidogo nyuma. Tulikuwa wanafunzi hamsini na kitu, madawati ya watu wawili tukikaa watatu. Mwenzetu mmoja, ambaye sote tulimwita Muzungu, alikaa nyuma kabisa kwa sababu alikuwa mrefu, na warefu walipelekwa nyuma ili wasiwazibe wafupi. Siku ya interro ya hesabu mwalimu aliandika maswali ku tablo, akaenda kukaa. Tukaanza kuandika. Muzungu akainama juu ya karatasi ya jirani yake, akaandika kidogo, akainama tena. Mwalimu akamwona.

"Weye Muzungu! Iko unakopia!"

Karatasi ikachukuliwa, sifuri ikaandikwa kwa biki nyekundu, darasa zima likacheka. Jirani aliyekuwa anaangaliwa karatasi yake ni mimi. Nilicheka pamoja na wengine, na karatasi yangu nikaifunika kwa mkono.

Ilinichukua miaka kuelewa kilichotokea asubuhi ile. Hakuwa anakopia majibu. Alikuwa anakopia maswali.

Kila mtu mule ndani alijua namna ya kumwita. Kwa Kiswahili chetu, muzungu. Kwa Kifaransa, albinos. Lakini hakuna hata mmoja, wala mwalimu mwenye diploma yake, aliyejua kwamba mtu tunayemwita hivyo hawezi kusoma ubao kutoka nyuma ya darasa. Neno lilikuwa limetuambia rangi, nasi tukadhani limetuambia yote.

Nimeyakumbuka haya mwezi uliopita. Tulikuwa tumekaa baada ya mkutano, chai na mikate mezani, mmoja wetu akataja "ule albinos mwenye anauzaka unité karibu na soko". Dada mmoja anayefanya kazi na shirika la haki za binadamu akamkatiza: "Usiseme albinos, yaya. Sema mtu mwenye ualbino." Mjadala ukawaka. Wengine wakamuunga mkono. Wengine wakasema hayo ni maneno ya semina, neno ni neno tu, muhimu ni moyo wa anayesema.

Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba pande zote mbili ziliacha swali moja bila kuuliza. Tunajua kuhakiki riwaya: nani aliandika, alimwandika nani, aliona nini, nini hakukiona. Tujaribu kulihakiki neno hili moja namna hiyo hiyo.

Tuanze na mwili wa neno. Mzizi wake ni Kilatini, albus, maana yake -eupe, basi. Mhispania na Mreno wanasema albino kwa mwanaume na albina kwa mwanamke. Mwitaliano hali kadhalika, na wingi wake ni albini. Mwingereza, Mjerumani na Mholanzi wamelichukua albino bila kuligusa. Mcheki amelikata mkia, albín. Mfini amelivuta katikati, albiino. Ukitembea Ulaya yote, kutoka Lisbon hadi Helsinki, unakuta nguo ile ile imepunguzwa hapa na kuongezwa pale, na kitambaa ni kimoja: weupe.

Mfaransa, ambaye ndiye aliyetufundisha sisi, ana kituko chake. Anasema albinos, na s mwishoni, hata kwa mtu mmoja. Un albinos, une albinos, des albinos. Ile s ni ya wingi. Wafaransa walilipokea neno likiwa tayari katika wingi wa Kihispania na Kireno, wakalisahau hivyo hivyo. Wapolandi na Warusi nao wanasema albinos kwa mtu mmoja, kisha wanabandika wingi wao juu yake: albinosi kwa Mpolandi, albinosy kwa Mrusi. Lakini tusiwacheke. Sisi wenyewe hapa tunasema ba-albinos. Ba ya kwetu mbele, s ya Mreno nyuma, wingi mara mbili juu ya kichwa cha mtu mmoja anayetafuta unga sokoni.

Najua mtu atasema: Mfaransa wa leo hasikii wingi wowote katika hiyo s, na wewe unatafuta makosa ya marehemu. Ni kweli. Historia ya neno si hukumu juu ya kila anayelisema. Lakini inatusaidia kuuliza: kwa nini neno hili liliingia likiwa katika wingi? Daktari aliyekaa na mgonjwa mmoja angelitaja kwa umoja.

Jibu ni kwamba halikutoka kwa daktari. Wanaofuata historia ya neno hili wanalirudisha kwa Wareno wa zamani, ambao walilitumia kwa watu weupe waliozaliwa na wazazi weusi katika pwani ya Afrika Magharibi. Yaani neno hili la Ulaya lilizaliwa juu ya mtu wa Afrika. Ulaya pia ilikuwa na watu wa hali hiyo, lakini katikati ya weupe wengine hawakumshtua mtu sana. Tena ni wachache zaidi kule: makadirio ya kawaida kwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni mtu 1 katika watu 17,000 hadi 20,000, wakati Tanzania inatajwa mtu 1 katika kama 1,400. Neno ni la kwao, jambo ni la kwetu zaidi. Lilitoka pwani yetu, likazunguka katika vitabu vyao, kisha likaturudia ndani ya kitabu cha biolojia likiwa limevaa koti jeupe, tukaliita la kisayansi. Kwa asili ni mshangao wa mabaharia.

Na nchi yetu iko ndani ya hadithi hii, kupitia mlango wa magharibi. Wenzetu wa Kinshasa na Kongo-Central wana neno ndundu. Wengi wetu tumelisikia katika Kilingala, na wengi tunadhani ni neno la kienyeji ambalo halijawahi kupanda meli. Lilipanda. Mwingereza Andrew Battell, aliyekaa miaka mingi Angola na Loango baada ya kuangukia mikononi mwa Wareno, alisimulia kwamba watoto weupe waliozaliwa na wazazi weusi Loango walipelekwa kwa mfalme, na kwamba waliitwa "Dondos". Masimulizi yake yalichapwa London mwaka 1625. Mwaka 1668 Mholanzi Olfert Dapper naye akawaandika watu hao wa Loango katika kitabu chake kikubwa juu ya Afrika. Wasomi wa Ulaya waliandika "Dondos", kumbe ni ndundu yetu iliyoandikwa vibaya.

Tusijidanganye kwamba neno la babu lilikuwa safi kuliko la mgeni. Katika imani za zamani za Wakongo, weupe ulikuwa rangi ya wafu na ya viumbe wa majini. Ndundu aliheshimiwa, aliogopwa, aliwekwa karibu na mfalme, lakini hata yeye alitazamwa ngozi kwanza. Kukaa karibu na kiti cha mfalme kwa sababu ya rangi yako si sawa na kupewa nafasi ya mbele darasani kwa sababu ya macho yako.

Tuone sasa wasomi walifanya nini na neno hili. Mwaka 1744 mtoto mmoja mdogo, mweupe, wa wazazi weusi, alionyeshwa Paris kama kitu cha kutazama. Watu wawili wenye akili kubwa waliandika juu yake. Voltaire, ambaye tulisomeshwa kama baba wa mwanga, aliona ndani ya mtoto yule aina nyingine kabisa ya binadamu. Maupertuis alisema tofauti: huyu ni mtoto wa wazazi wake, na rangi yake ni jambo linalopita katika uzazi. Maupertuis alikuwa karibu na ukweli, zaidi ya miaka 100 kabla ya mtu kujua sheria za urithi. Tuwakumbuke wote wawili kila tunapodhani kwamba kusoma sana kunatosha. Wote walitazama mtoto yule yule. Mmoja alimwona mtoto wa watu, mwingine akaona kabila jipya.

Mwaka 1777 mwanasayansi Buffon akachapisha maelezo ya msichana aitwaye Geneviève, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, mweupe wa wazazi weusi. Alimpima, akaeleza ngozi, nywele, midomo, na kitabu kikamchora akiwa uchi. Angalau tunalijua jina lake la kwanza. Mtoto wa Paris mara nyingi anakumbukwa kwa rangi yake tu.

Sasa nifike kwenye maneno mawili yaliyonishtua kuliko yote, kwa sababu yalifanya kile ambacho albino halifanyi: yaliona macho. La kwanza ni la Waholanzi na Wajerumani. Katika vitabu vya karne ya 18 na ya 19 utakuta mtu asiye na rangi akiitwa Kakerlak. Kakerlak ni mende, yule mdudu wa jikoni. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtu huyo, kama mende, anakimbia mwanga na anatoka jioni. La pili ni la Lionel Wafer, aliyekaa na wenyeji wa Panama akachapisha kitabu mwaka 1699. Anaeleza kwamba kati yao walikuwepo watu weupe, na kwamba yeye na wenzake waliwaita wenye macho ya mwezi, kwa sababu mchana jua liliwashinda na usiku wa mbalamwezi walitembea vizuri.

Moja ni tusi, lingine linakaribia kuwa shairi. Lakini yote mawili yaliandikwa na watu waliomtazama mtu huyu akifinya macho mchana, wakajiuliza anaona nini. Halafu yakapotea. Mende lilistahili kupotea, hakuna wa kulililia. Lakini lililobaki likatawala Ulaya yote, na kutoka Ulaya likatawala shule zetu, ni lile la ngozi tu. Adabu ikaongezeka, habari ikapungua.

Na Kiswahili je? Kiswahili sanifu kina zeruzeru, wingi mazeruzeru. Sikio la mwanafunzi wa kwetu linasikia humo sifuri mbili, zero-zero, na nyingi za dhihaka zinaanzia hapo. Tanzania walisikia mabaya zaidi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, mauaji na ukataji viungo ulipoenea kanda ya ziwa, Mwanza na Shinyanga, mtaani likaingia neno lingine: dili. Mtu anapita na mwavuli wake, kijana anamwita "dili", yaani biashara inatembea. Mwaka 2008 uovu ule ule ulivuka hadi Ruyigi, Burundi, jirani zetu kabisa. Anayesema neno ni neno tu, aende amwambie hivyo mtu aliyewahi kuitwa kwa bei yake.

Lakini sarufi ya Kiswahili ina jambo la kutufundisha, na napenda tulione. Zeruzeru kwa umbo lake lingeweza kwenda na lile kundi la tunda na jiwe. Ungetegemea "zeruzeru hili limefika". Kiswahili kinakataa. Kinasema zeruzeru huyu amefika, mazeruzeru hawa wamefika. Hata albino, neno la kuazima, linapigwa muhuri huo huo: albino huyu, ameketi, anasoma. Jina linaweza kumtukana, kitenzi kinamrudishia utu wake. Anayetaka kumdhalilisha kweli inabidi avunje sarufi kwanza, aseme "lile". Lugha yenyewe inamshitaki.

Hapa kwetu Butembo na Beni zeruzeru halisikiki sana. Kwetu ni albinos, na kwa utani, muzungu. Nataka tulitazame hili muzungu kwa makini, maana linapita kama sifa. "Muzungu wetu! Atatuletea madola!" Tunacheka, na yeye anacheka maana afanye nini. Lakini sikiliza neno linafanya nini nyumbani. Mama mweusi na baba mweusi wamepata mtoto. Majirani wanasema ni muzungu. Basi swali linafuata lenyewe, kwanza kwa mnong'ono, kisha kwa sauti: muzungu gani? Mama anaanza kuangaliwa vibaya na wakwe. Kuna ndoa zimekufa kwa utani huu.

Kumbe jibu liko katika sura moja ya biolojia tuliyoisoma wote tukaimeza kwa ajili ya mtihani. Rangi ya ngozi, nywele na macho inatoka kwenye melanini. Jeni zinazohusika kuitengeneza kila mtu anazo jozi, moja ya baba na moja ya mama. Mtu mwenye nakala moja yenye hitilafu na moja nzima ana rangi yake ya kawaida na hajui lolote. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya mtoto kupata nakala zote mbili zenye hitilafu. Kwa aina hizi za ualbino zilizo kawaida kwetu, mtoto amepokea kwa baba na kwa mama. Anayemshtaki mama peke yake hakusoma ile sura. Mtoto mweupe wa wazazi weusi hakatai baba yake. Baba yake yumo ndani.

Turudi kwa dada yetu na sentensi yake: mtu mwenye ualbino. Namuunga mkono, na nitoe sababu zangu. Sentensi hii inaanza na mtu. Halafu inaweka -enye, neno la kumiliki: yeye ana hali fulani, hali hiyo haimmiliki yeye. Sheria yetu ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya watu wanaoishi na ulemavu inafuata njia hiyo hata katika jina lake: mtu kwanza. Tena neno rasmi lina kazi ambayo neno la mtaani haliwezi. Kenya, katika sensa ya 2019, waliweka swali hilo kwenye fomu, wakahesabu watu 9,729. Ukishahesabiwa unaweza kudai. Sisi sensa yetu ya mwisho ni ya 1984.

Hata hivyo sentensi hiyo nayo ihakikiwe. Ukivua mtu, ukivua mwenye, ukivua u-, kilichobaki ndani ni albino yule yule wa mabaharia. Tumejenga nyumba nzuri juu ya msingi wa zamani. Bado neno linataja ngozi, bado macho yamefichwa. Na kuna hatari nyingine: msemo mzuri unaweza kutufanya tujione tumemaliza kazi. Nimewahi kuona semina ambapo kila mtu alitamka jina refu bila kosa, na mwenye ualbino aliyealikwa alikuwa amekaa safu ya nyuma, karatasi za programu zimechapwa kwa herufi ndogo, hakuna aliyemuuliza kama anaona. Tena tusiwafokee wale wanaojiita albinos wenyewe. Mwanamieleka Mwimba Texas wa Kinshasa alijenga jina lake ulingoni na akaanzisha fondasio kwa ajili ya wenzake. Neno lililo mdomoni mwa mwenyewe lina uzito tofauti na lile lile mdomoni mwa mtu wa dirisha la teksi.

Basi neno linaficha nini hasa? Melanini haifanyi kazi ya ngozi peke yake. Mtoto akiwa tumboni, inasaidia jicho kujengwa. Ikikosekana, sehemu ya katikati ya retina, ile ya kuona vitu vidogo na vya mbali, haikomai sawasawa, na nyuzi zinazotoka jichoni kwenda ubongoni zinapita njia zisizo za kawaida. Ndiyo sababu macho ya wengi wao yanachezacheza, mwanga unawaumiza, na miwani inasaidia kidogo tu. Hakuna uvivu hapo, na akili yao ni nzima kama yako. Mtoto wa namna hiyo akikaa nyuma, ubao kwake ni ukuta mweusi wenye ukungu mweupe. Akikaa mbele kabisa, mwalimu akisoma kwa sauti anachoandika, karatasi ikichapwa kwa herufi kubwa, anafuata somo kama wewe. Vitu hivyo havihitaji mfadhili.

Na jua. Hapa Butembo tunajidanganya kwa sababu ya baridi. Asubuhi ukungu, makoti, chai ya tangawizi. Nani atafikiria jua? Lakini mji wetu uko kwenye mita kama 1,800, na mstari wa ikweta unapita kati yetu na Lubero. Miale inayochoma ngozi haina habari na baridi. Kila ukipanda mita 1,000 inaongezeka kwa kama asilimia 10. Mtoto mwenye ualbino anayesimama uwanjani kwa gwaride asubuhi ya baridi anaungua bila kusikia joto. Miaka ikipita, kansa ya ngozi inaanza na kidonda kidogo kwenye sikio au mdomo ambacho hakiponi. Kofia pana na mikono mirefu ni dawa ya kwanza, na shule nyingi bado zinamvua mtoto kofia kwa jina la nidhamu. Kabla ya kupigania neno kwenye fomu, tupiganie kofia kwenye sare.

Beni, kilomita kama 54 kutoka hapa, mambo ni magumu zaidi. Joto ni kali, na tangu Oktoba 2014 watu wamekuwa wakikimbia mauaji vijijini, wanatoka usiku na kitu walichoshika mkononi. Anayekimbia anashika mtoto, godoro, sufuria. Kofia na mafuta ya kuzuia jua vinabaki. Mtoto huyo anapofika kwenye kambi au kwa familia ya kupokea, anakaa foleni ya chakula kutwa nzima juani, na kwenye lista ameandikwa kama mtoto mwingine yeyote. Hapo neno lingekuwa na faida: kama yule anayeandika lista, akisikia ualbino, angeelewa mara moja kivuli, kofia, macho. Neno zuri ni lile linalomfanya anayelisikia ajue la kufanya.

Ni huko Beni nilikomkuta tena mwenzangu wa darasani, mwaka huu. Ana kibanda cha kutuma pesa kwa simu, chini ya baraza pana, kofia kubwa kichwani. Simu yake amekuza herufi hadi maneno mawili yanajaza kioo chote. Alinitambua kwa sauti kabla sijamkaribia. Tulisalimiana, tukaulizana habari za wazee, watoto, barabara. Nikamweleza kwamba nataka kuandika juu ya maneno watu wanayowaita, albinos, muzungu, mwenye ualbino, na nikamuuliza yeye anapenda lipi.

Alicheka kwanza. "Weye umesoma sana, ndugu yangu." Kisha akanyamaza kidogo. "Batu baniite tu. Ile siku ya interro, ungenisomea tablo."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Wapendwa, najua kila mmoja wetu ana neno alilolisikia kwa bibi yake, kwa lugha ya nyumbani. Liandikeni hapa, na mtuambie linataja nini: ngozi, macho, mizimu, au mtu. Tutajifunza. Lakini Septemba baadhi yetu tutashika chaki kwa mara ya kwanza, Butembo, Beni, Oicha, Lubero. Siku hiyo ya kwanza, kabla ya kuita majina, tuangalie nani amekaa nyuma na kwa nini. Na kila tunachoandika ku tablo, tukisome kwa sauti.